WACHACHE AU KADHAA? Maneno ya kiasi katika barua zetu za Kiingereza

Mazungumzo ya mwalimu wetu wa Kiingereza mbele ya wanachama, katika mkutano wa miezi mitatu. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu.



Katibu aliniomba niseme nusu saa juu ya Kiingereza. Naona wengine wanajiuliza, Kiingereza cha nini? Nchi yetu inaandika Kifaransa, ofisi ya teritwari Kifaransa, watoto shuleni Kifaransa. Jibu mnalo wenyewe katika simu zenu. Majirani tuliokuwa nao Nyarugusu, mlango kwa mlango, leo wako Marekani, Kanada, Australia. Wao na makanisa yao ndio wanaotutumia sehemu ya kile tunachogawa hapa. Na watoto wao, ambao sasa ndio wanaosomea wazazi barua, Kifaransa hawakijui na Kiswahili wanakisikia zaidi kuliko kukisoma. Kwa hiyo ripoti yetu inakwenda kwa Kiingereza.

Sasa ripoti ya chama ni nini? Ni kusema ngapi na kiasi gani. Familia ngapi, mbegu kiasi gani, franga ngapi zimebaki. Ukikosea jina la mwezi mfadhili atakuelewa tu. Ukikosea neno la kiasi, ataelewa kitu kingine kabisa, na hatajua kwamba umekosea. Ndiyo maana leo sitafundisha Kiingereza chote. Nitashika "many", "much", "few", "little" na ndugu zao.

Nianze na barua moja. Sitataja chama, ni majirani zetu, na kazi yenyewe waliifanya vizuri. Walipewa majembe, wakaanza kugawa. Mwezi wa kwanza familia kadhaa zikapata, nyingine zikawa zinangoja boti ilete mzigo wa pili. Katibu wao akaandika: "Few families have received hoes." Kichwani mwake alikuwa anasema: familia kadhaa zimeshapata, kazi imeanza. Mfadhili kule akasoma: familia zilizopata ni chache mno, karibu hakuna. Akaandika: majembe mengine yako wapi? Ikaja barua ya maelezo. Ikaja barua ya kuomba orodha. Mtu akapanda pikipiki kuzunguka vijiji, kukusanya upya sahihi na alama za vidole. Wakati huo wote mzigo wa pili umesimama, na mvua haisubiri barua.

Kama angeandika "A few families have received hoes", mfadhili angesoma: vizuri, wameanza. Tofauti ni herufi moja, "a". Mbele ya "few", hiyo "a" inageuza lalamiko kuwa habari njema.

Waliosoma huku hawawezi kuchanganya hayo mawili kwa Kifaransa, kwa sababu "peu de familles" na "quelques familles" ni maneno mbalimbali. Kiingereza kimechukua neno moja, kikaliwekea "a" au kikaliacha bila kitu. Na sisi kwa Kiswahili tunafanya kwa sauti. Mama akisema "maji yapo kidogo", anaweza kuwa anakukaribisha unywe, anaweza pia kuwa anakukatalia bidoni uliyokuja kuomba. Kinywa chake na macho yake vinaeleza. Barua haina kinywa wala macho. Shikeni hivyo: "a" ndiyo sauti ya mama.

Basi, "few" bila "a" ni wachache mno, hawatoshi, ni huzuni. "A few" ni kadhaa, wapo. "Little" bila "a" ni kidogo mno, ni kama hakuna. "A little" ni kidogo, lakini kipo. Mama mweka hazina, hapa ni kwako zaidi. Ukiandika "We have little money left", umeomba pesa. Ukiandika "We have a little money left", umetoa taarifa tu kwamba sanduku halijakauka. Yote mawili yanaweza kuwa kweli siku moja, sanduku moja. Lakini mtu wa mbali ataamua kutuma au kutotuma kwa kufuata lile uliloandika.

Kuna mitego miwili midogo hapo. "Only a few" inarudisha huzuni, ni wachache tu. Na "quite a few", mtu akilitazama anafikiri ni wachache sana, kumbe maana yake ni wengi, tena wengi wa kutosha. Nduguyo wa Chicago akikuandikia kwamba "quite a few people" kanisani wametoa mchango, usinune. Shukuru.

Bon. Sasa swali la pili: lini "few" na lini "little"? Lini "many" na lini "much"? Hapo watu huanza kutoka jasho, na mimi nasema hamna haja, kwa sababu nusu ya jibu mnayo tayari kwa Kiswahili.

Upande wa wingi, ni kweli, Kiswahili hakitusaidii. Huku nyumbani tunasema "watu mingi", "maji mingi", "franga mingi", neno moja linabeba vyote. Kule kambini walimu walitufundisha kugeuza: watu wengi, maji mengi, pesa nyingi, vitu vingi. Lakini mzizi ni ule ule. Kifaransa nacho ni "beaucoup" tu, watu "beaucoup", maji "beaucoup". Kwa hiyo Mkongomani akifika kwa Kiingereza anachukua neno moja tu, kwa kawaida "many", anapaka kila mahali: "many water", "many money", "many food".

Lakini tazameni upande wa uchache. Tunasema watu wachache, majembe machache, siku chache, nyumba chache. Halafu tunasema maji kidogo, unga kidogo, chumvi kidogo, mafuta kidogo. Nani hapa amewahi kwenda kwa jirani kuomba "chumvi chache"? Hakuna. Mtoto wa miaka minne hawezi kusema hivyo. Yaani Kiswahili kinajua vizuri tofauti ya kitu kinachohesabika moja moja na kitu kinachopimwa. Basi ukisimama mbele ya neno la Kiingereza hujui la kufanya, lipeleke kwanza Kiswahili, ulijaribu na "chache". Likikubali, kwa Kiingereza tumia "many" na "few", na uliza "how many". Likikataa, likitaka "kidogo", tumia "much" na "little", na uliza "how much".

Najua wenzetu waliobaki huku wakati wa vita mara nyingi husema "kidogo" kwa vyote, hata kwa watu. Si kosa, ndiyo lugha ya huku. Lakini kwa jaribio hili, mwombe aliyekaa Kigoma akusemee, au jiulize tu: naweza kusema kimoja, viwili, vitatu? Jembe moja, majembe mawili, sawa. Chumvi moja, chumvi mbili, hapana.

Jaribio hili litakuokoa mara nyingi. Si mara zote. Kuna maneno ambayo Kiswahili kinayahesabu na Kiingereza kinakataa, na haya inabidi kuyashika kwa kichwa tu. Nitachukua mfano mnaoufahamu wote, kadi ya mgao. Kumbukeni foleni ile: unga wa mahindi, maharagwe au njegere, mafuta, chumvi. Unga, mafuta, chumvi, hayo yanapimwa kwa lugha zote mbili: "flour", "oil", "salt", hakuna "s" mwishoni. Maharagwe na njegere Kiingereza kinayahesabu: "beans", "peas", "many beans". Mchele hakihesabu: "rice", "much rice". Mtu atauliza, punje ya mchele na punje ya haragwe zina tofauti gani? Zote unaweza kuzihesabu mezani ukikosa kazi. Sina jibu la akili, ndiyo desturi yao. Na mahindi, ambayo kwetu ni hindi moja, mahindi mawili, kwao ni "maize" tu, hakuna "maizes". Mihogo nayo ni "cassava" tu. Karanga zinahesabika, "groundnuts". Vitunguu na nyanya vinahesabika.

Neno "maji" lina mtego wake. Kwa sababu linaanza na "ma", kama majembe na madawati, sikio letu linalichukua kuwa ni wingi. Vilevile maziwa na mafuta. Kiingereza kinayaona yote hayo kitu kimoja kisichohesabika: "The water is dirty", si "are". Ajabu yake, machozi wanayahesabu, "many tears", na damu hawaihesabu, "much blood".

Pesa ndiyo inayowachekesha wanafunzi wangu. Kitu tunachohesabu kutwa, kitu pekee ambacho mweka hazina anakihesabu mara tatu kabla ya kusaini, Waingereza wanasema hakihesabiki! "Much money", "little money", "how much money". Lakini fikirini: kinachohesabika ni franga na dola. "Many francs", "200 dollars". Neno "money" lenyewe ni kama neno "maji", linakaa ndani ya vyombo, na vyombo ndivyo vinavyohesabiwa. Ndiyo maana sokoni ukiuliza bei ni "How much is it?", hakuna "how many".

Na hilo la vyombo ndilo litakalowasaidia katika orodha za mgao. Kitu kisichohesabika, kitie ndani ya chombo au kipimo, kisha hesabu chombo. "Three bags of rice." "Five litres of oil." Sabuni ni "soap", haihesabiki, kwa hiyo vipande viwili ni "two bars of soap". Mikate miwili ni "two loaves of bread". Mtu wa stoo, kila mstari wa orodha yako uwe na chombo au kipimo. Ukiandika "40 soaps" mfadhili atakuelewa lakini atatabasamu. Ukiandika "40 rice", hatajua ni kilo, ni magunia, au ni punje.

Sasa niwageukie mliosoma Kifaransa kuliko Kiingereza, na ninyi ndio wengi katika ofisi yetu. Kosa lenu lina jina na sura. Kifaransa kinahesabu habari, kinahesabu mashauri, kinahesabu vifaa, kinahesabu mizigo: "des informations", "des conseils", "des équipements", "des bagages". Mnazichukua na "s" zao mpaka Kiingereza. Kiingereza ni "information", "advice", "equipment", "luggage", bila "s", na hakuna "an information" wala "many equipments". Ukitaka moja, sema "a piece of information", "a piece of advice". Na msaada, ambao sisi tunaufanya misaada, kwao ni "aid" au "assistance", haihesabiki. Vilevile "furniture", "progress", "evidence". Neno "work" ni kazi kwa ujumla, haihesabiki, lakini "job" inahesabika: "There is little work in the village, and few jobs in town." Sentensi hiyo iandikeni daftarini, ina yote mawili na ni ya kweli.

Kuna maneno mawili ambayo "s" yake si suala la kuonekana umesoma au hukusoma. Inabadilisha jambo lenyewe.

La kwanza ni "damage". Mafuriko ya mto Mulongwe, Aprili 2020, yalibomoa nyumba nyingi Uvira, mnakumbuka. Kifaransa unaandika "dégâts" au "dommages", kwa wingi. Mtu akigeuza kwa Kiingereza anaandika "The flood caused many damages." Lakini "damages" kwa Kiingereza ni fidia ya mahakamani, pesa ambayo jaji anaamuru ulipwe. Ulichotaka kusema ni "a lot of damage", uharibifu mwingi, bila "s". Sisemi mfadhili atafikiri mto umelipa fidia. Lakini mwanasheria akisoma atasimama hapo, na barua za mashamba yetu huwa zinafika kwa wanasheria.

La pili ni "paper". Bila "s" ni karatasi ya kuandikia, haihesabiki kwa maana hiyo, "much paper", "a sheet of paper". Ukiongeza "s", "papers", ni vyeti: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba. "The children have no paper" maana yake watoto hawana pa kuandikia, na mfadhili atatuma madaftari. "The children have no papers" maana yake hawana vyeti, na hiyo ni shida nyingine kabisa, inayohitaji siku za kwenda ofisi ya etat sivili, nauli na mashahidi. Sisi tuliozaa watoto ng'ambo ya ziwa tunajua ni shida ipi kubwa. Usiiache ipotee kwa kusahau "s" moja.

Nimebakiza jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko yote, ingawa katika vitabu vya shule lina mistari miwili tu. Kuna "number" na kuna "amount". "Number" ni idadi, ya vitu vinavyohesabika. "Amount" ni kiasi, cha vitu vinavyopimwa. "The number of families", "the amount of flour". Nimesoma barua, tena za watu wa mashirika waliosoma sana, zimeandikwa "a large amount of returnees". Watu wamewekwa kwenye "amount", pamoja na unga na mchanga. Najua hawana nia mbaya. Lakini sisi tumekuwa namba katika kadi, tumepimwa chakula kwa gramu, tumepakiwa na kupakuliwa. Katika barua tunayoiandika wenyewe kwa mkono wetu, watu wahesabiwe kama watu. "A large number of returnees." Na kama mnayo hesabu kamili, wekeni hesabu kamili, mwache maneno: "112 families". Hakuna neno la kiasi linaloshinda namba ya kweli.

Kuhusu kitenzi hapo: "a number of families are waiting", familia kadhaa zinangoja, ni wingi. "The number of families is 112", idadi ni moja. Hilo lipitieni mara mbili mkiandika, halafu mliache.

Kuhusu "less" na "fewer" sitawasumbua sana. Kwa kanuni, "fewer" ni ya vinavyohesabika, "fewer people", na "less" ni ya visivyohesabika, "less water". Lakini wenyewe Waingereza wanavunja, wanasema "less people" kutwa, na madukani kwao kuna vibao vilivyoandikwa "10 items or less" ambavyo watu wamegombana juu yake magazetini. Andikeni "fewer people" katika ripoti, na mkisikia mtu anasema "less people" msimsahihishe, hasa kama ndiye anayetoa pesa. Pesa, umbali na muda hubaki na "less than": "less than 50 dollars", "less than two hours".

Na kwa yule ambaye kichwa kimeshachoka, kuna njia ya kivuli. "A lot of", "some", "enough", "plenty of", hizi zinakubali pande zote mbili. "A lot of people", "a lot of water". "Enough hoes", "enough salt". Ukiwa na haraka na hujui neno linahesabika au hapana, ingia hapo. Tena hata ukijua, katika sentensi ya kawaida ya kukubali, "a lot of" inasikika vizuri kuliko "much". "We have much food" inasikika kama mtu amevaa koti kubwa kuliko mwili. "We have a lot of food." "Much" inapendeza katika swali na katika kukataa: "How much food?", "We don't have much food." Ila njia ya kivuli haina mahali pa "few" na "little". Hapo lazima uchague, na uchague pia kama unaweka "a".

Tumalize na kazi. Katibu amenipa rasimu ya ripoti ya miezi hii mitatu kabla haijaondoka, nami nimechukua mistari mitatu. Wa kwanza unasema: "Few members paid their contribution." Nimemwuliza, akasema anataka kueleza kwamba wapo kadhaa waliolipa na wengine wanaendelea. Basi ni "A few members have paid, and others are still paying." Wa pili: "We received many informations about the seeds." Ni "a lot of information". Wa tatu: "There is a little medicine at the health post." Huu sikuugusa. Nilimwuliza mama mwuguzi kama dawa zipo kidogo au ni kidogo tu. Akanijibu kwamba wiki iliyopita zilikuwa kidogo, leo ni maboksi mawili ya paracetamol. Kwa hiyo "a" imeondoka, na baada yake tumeandika namba: "There is little medicine at the health post: two boxes of paracetamol."

Karatasi ya mazoezi iko kwa katibu, ni bure kwa wanachama, wasio wanachama franga 200 za fotokopi. Mkutano ujao, kama mwenyekiti ataniruhusu tena, tutashika "some" na "any".